Masikio Pande Zote Mbili

Sisi watu wa zimamoto hatuna zuri. Tukichelewa, tumekuja kuzoa majivu. Tukiwahi, tumekuja kulowesha mali za watu. Siku ile ya ghala la magodoro tuliwahi, na nilipokuwa napita na mpira wa maji begani, mwenye ghala akanidaka mkono.

"Dada, maji kidogo tu, tafadhali. Godoro likilowa haliuziki."

"Na likiungua je, bei inapanda?"

Hakucheka. Alikuwa amevaa shati jeupe lililomganda mgongoni kwa jasho. "Mlinzi wangu yuko juu," akasema. "Sijamwona akishuka."

Hapo utani nikaumeza.

Ghala lenyewe lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya safu ya maduka ya vioo na rangi. Jengo la zamani, la wale waliojenga kuta nene kama wanaogopa majirani. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa matofali ili wezi wasipite, na kweli, siku ile hata moshi ulikosa pa kupita. Njia ilikuwa moja tu, ngazi nyembamba ya pembeni. Moshi ulishuka kwenye ngazi hiyo taratibu, mweusi na mzito, kama mtu anayejua kuwa hakuna wa kumzuia.

Afande wetu, mkuu wa zamu, akatazama watu wake. Hakuhitaji muda mrefu, maana hatukuwa wengi. Gari la pili lilikuwa limekwama kwenye foleni upande wa pili wa jiji, kila dereva akipiga honi na hakuna anayesogea. Babu Pampu, mzee anayesimamia pampu ya maji, alikuwa kwenye gari letu na mitambo yake. Tuliobaki ni mimi na shemeji yangu.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Mrefu, mwembamba, mcheshi kupita kiasi, na akivaa zile nguo nene za kazi anaonekana kama hema lililokosa nguzo. Na kituoni kwetu kuna desturi ambayo haijaandikwa popote na haijawahi kuvunjwa: ndugu hawashiki mpira mmoja. Ilianza zamani, enzi za kofia za shaba. Ukumbini kwetu kuna picha ya zamu moja ya wakati huo, wamejipanga mbele ya gari wakiwa na masharubu kama wamegawiwa na serikali. Wawili katika picha hiyo ni ndugu wa tumbo moja. Waliingia pamoja kwenye kiwanda cha kukamua mafuta, na wakiwa ndani, tajiri mmoja barabarani akamfokea mwenye pampu kwamba moto umeshazimika, afunge maji. Mwenye pampu akafunga. Mmoja wa wale ndugu aliweza kutoka, akageuka kumfuata mwenzake, na hapo hadithi yao ikaishia. Tangu siku hiyo kuna sheria mbili. Ndugu hawashiki mpira mmoja, na mwenye pampu hafungi maji watu wakiwa ndani, aseme nani aseme.

Afande alitutazama, nami nikajua anachowaza.

"Afande, huyu si ndugu yangu," nikasema. "Huyu ni hasara aliyoipata mdogo wangu."

"Mimi ndiye niliyepata hasara," shemeji akajibu huku akifunga kamba za kinyago. "Niliambiwa familia ina mabinti wawili wapole. Nikakuta mmoja ni huyu."

"Ingieni," Afande akasema. "Mlinzi kwanza, moto baadaye. Na msiachane."

Nikavaa kinyago, nikafungua hewa ya mtungi mgongoni. Sikuwaambia nilichokuwa nacho kifuani. Mdogo wangu nimemlea mimi. Aliishi nami miaka yote nikiwa kazini, akanifulia nguo zinazonuka moshi, akanisubiri mlangoni. Alipochumbiwa na huyu mrefu alikataa mara kadhaa, akisema zimamoto mmoja katika ukoo anatosha. Mwisho akakubali, na siku ya kwanza tulipopangwa zamu moja akaniambia jikoni, bila hata kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Dada, ukirudi bila yeye, usirudi." Alisema kama utani. Mdogo wangu hana utani.

*

Niliuchukua mbele ule mdomo wa mpira unaorusha maji, shemeji akanifuata akiuvuta na kuutandaza. Juu ya ngazi tulipiga magoti. Ukishaingia kwenye moshi wa magodoro, macho hayana kazi. Mkono ukiuweka mbele ya kioo cha kinyago huuoni. Unabaki na masikio, viganja na mpira.

Mpira ndio unaokuleta na ndio unaokurudisha. Watu wanadhani tunabeba maji tu, kumbe tunabeba njia. Ni vipande vilivyoungwa kimoja kwa kingine, na kila kiungo kina upande laini na upande wenye vyuma viwili vilivyochomoza, sisi tunaviita masikio. Vipande vikiungwa sawasawa, masikio huwa upande wa gari siku zote. Ukipotea gizani unapapasa hadi ukutane na kiungo, unagusa masikio yaliko, unayafuata, unatoka nje. Tunafundishwa kufanya hivyo tukiwa tumefungwa kitambaa machoni, tukimwagiwa maji, tukitukanwa. Ukikosea unaanza upya. Mimi nilikosea mara nyingi hadi mkufunzi akaniuliza kama ninafanya makusudi.

Tulitambaa katikati ya marundo. Magodoro yalipangwa hadi karibu na dari, na vichochoro vilikuwa vinapinda huku na huko kama vimepangwa na mlevi. Joto lilikuwa linakaa juu yetu, linashuka kidogo, linakaa tena. Mbele, mahali fulani, moto ulikuwa unanguruma kwa sauti ya chini. Niliurushia maji pale nilipoona wekundu, ukasinyaa, ukarudi.

"Mlinzi!" nilipiga kelele. "Mlinzi, gonga chochote!"

Shemeji akapapasa kushoto, mimi kulia. Tulifika kona, tukapinda, tukapinda tena. Ndipo redio ikakoroma. Afande.

"Mlinzi ameonekana. Yuko nje, nyuma ya umati. Nasema yuko nje. Tokeni."

"Anafanya nini nje?" shemeji akauliza.

"Anarekodi video," Afande akasema. "Tokeni sasa hivi."

Shemeji akacheka ndani ya kinyago, kicheko cha puani. "Shemeji, tukitoka, mimi namshika, wewe unampiga."

Nikafunga maji, tukageuka. Hatukuenda mbali. Rundo lililokuwa kulia kwetu, ambalo lilikuwa limeungua chini kimyakimya, likaachia. Sikusikia kishindo, magodoro hayana kishindo. Nilihisi tu dunia nzima ikinilalia mgongoni, laini na ya moto. Nilimsukuma shemeji kwa bega, tukabiringika, nikapiga kichwa kwenye nguzo. Nilipotulia nilikuwa nimeshika mguu wa suruali yake na mkono wa pili ulikuwa mtupu.

Mpira haukuwepo.

"Uko mzima?"

"Goti," akasema. Sauti yake ilibadilika. "Goti limekwenda, shemeji."

Nilitandaza mikono nikapapasa sakafu kama mtu aliyeangusha sindano. Zege. Godoro. Zege la moto. Maji yaliyomwagika, ya uvuguvugu. Nikajivuta kidogo bila kumwachia, nikapapasa tena, na vidole vikagonga kitu kigumu, cha duara, kilichojaa. Mpira. Nilitaka kuubusu.

Lakini kuupata ni nusu. Upande mmoja wa mpira ule ulikwenda mlangoni, mwingine ulirudi ndani kwenye moto. Tulikuwa tumebiringika, tumegeuka, sikujua tena nyuma ni wapi na mbele ni wapi. Nikaufuata kwa kiganja hadi kwenye kiungo, nikakishika kwa mikono miwili.

Masikio. Vizuri. Nikagusa upande wa pili ili nihakikishe kuwa ni laini.

Masikio.

Nikavua glavu, kitu ambacho usikifanye kamwe, nikagusa kwa ngozi. Chuma kikaniunguza. Masikio huku, masikio na huku.

"Shemeji," nikasema polepole. "Hiki kiungo kina masikio pande zote mbili."

Filimbi ya mtungi wake ikaanza kulia, ile inayokwambia hewa inaelekea kwisha. Mtu mrefu, mapafu marefu. Alikuwa anavuta kuliko mimi.

"Ni mimi," akasema juu ya filimbi. "Kipande cha tatu, zamu iliyopita walikikunja kinyume. Nilikuta ncha imegeuka. Badala ya kurudi garini kuchukua kingine, nikakiunga hivyohivyo kwa vile viungo vya dharura vyenye masikio huku na huku. Nilitaka tuwahi."

"Basi tumewahi."

"Nisamehe."

"Nyamaza, unamaliza hewa."

Nilikuwa nahesabu kichwani, si namba, bali njia. Kipande kilichogeuzwa kina kiungo cha namna hii mwanzoni na kingine mwishoni, na vyote viwili vina masikio huku na huku. Kwa hiyo hata nikitambaa hadi kiungo kingine, hakitaniambia kitu. Nikichagua upande wa gari, tunatoka. Nikichagua upande wa moto, tutafika kwenye ule mdomo wa mpira, chini ya magodoro yanayoungua, na hewa ya kurudi hakuna. Mimi ningeweza kujaribu. Yeye, kwa goti lile na filimbi ile, alikuwa na nafasi moja tu.

Nikabonyeza redio. "Afande, tumepoteza mwelekeo. Mpira tunao, lakini viungo vimegeuzwa. Shemeji ameumia."

"Kaeni hapo, natuma watu."

"Watu gani, Afande? Watu ni sisi."

Nikasikia anakohoa, na kutokana na mwangwi nikajua ameshaanza kupanda ngazi peke yake, na umri wake, na kifua chake.

Nilikuwa nimeweka goti juu ya mpira, nauhisi ulivyojaa, mgumu kama mti, maji yamesimama tuli ndani yake. Ndipo wazo likaja. Si wazo zuri. Lilikuwa la pekee.

"Babu Pampu," nikaita. "Babu, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Presha iko sawa. Vuta unavyotaka."

"Funga maji."

"Rudia."

"Funga maji ya mpira wetu. Fungua koki ya kumwaga, maji yote yashuke, mpira ulale bapa. Nikikwambia rudisha, unafungulia kwa nguvu zote. Nataka kuhisi yanakotokea."

"Wewe umevuta moshi," Babu akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ule upole wa kumsemesha mgonjwa, na upole huo uliniogopesha kuliko moto. "Tulia, mwanangu. Afande anakuja. Usivue kinyago."

Sikumlaumu. Mtu akishavuta moshi husema mambo. Wapo waliosema wamefika nyumbani, wakavua kinyago wapumzike. Na huyu mzee alikuwa amesimama kwenye pampu tangu mimi sijaajiriwa, na chini ya picha ileile ya wenye masharubu aliapa kwamba mkono wake hautafunga maji watu wakiwa ndani.

"Babu, niko sawa. Niulize chochote."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni mzee mwenye kitambi unayeficha biskuti kwenye sanduku la spana, unadhani hatujui, na spana zote zimejaa chembechembe. Unakoroma kwa sauti ya injini mbovu. Mkeo alikufukuza Jumapili ukaja kulala kituoni ukasema umejitolea zamu ya ziada. Babu, shemeji yangu anaishiwa hewa. Funga hayo maji!"

"Nani alikwambia habari za Jumapili?"

"Babu!"

"Nafunga," akasema. "Mungu anisamehe, nafunga."

*

Nilimlaza shemeji kifudifudi, uso chini kabisa kwenye zege palipokuwa na ubaridi kidogo. Kisha nikalala juu ya mpira kwa urefu wangu wote, kiganja kitupu mbele, mguu nyuma, kifua katikati. Chini yangu ule mti ukaanza kulegea. Ukawa kama mkono wa mtu, kisha kama soksi, kisha ukalala bapa, na nikajua kwamba kuanzia hapo hatuna hata tone moja la kujitetea.

Moto nao ni kama ulijua. Ulipumua. Kule ndani wekundu ukapanda ukutani, ukagusa dari, na dari ikaanza kung'aa juu yetu kwa mistari inayotembea. Joto likanishika shingoni. Shemeji alikuwa amenishika kifundo cha mguu, na filimbi yake ilikuwa imeanza kupungua sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Filimbi inayolia ina hewa. Inayonyamaza haina.

"Rudisha, Babu. Rudisha!"

Hakuna kitu. Nilifumba macho, ingawa hayakuwa yakiona. Nilijiambia, usitake upande wowote. Usiombe yatokee mbele wala nyuma. Hisi tu. Mpira ulikuwa kitambaa kilicholowa chini ya kiganja. Kitambaa. Kitambaa.

Ukanipiga mguuni. Kitu kilipita chini ya kifundo changu kama panya aliyekurupushwa, kikapanda pajani, kikaninyanyua tumbo, kifua, kikafika kwenye kiganja mwisho kabisa.

Nyuma. Gari lilikuwa nyuma yangu. Na nafsi yangu yote, naapa, ilikuwa imeshaamua ni mbele.

"Shemeji, geuka. Huko uliko wewe ndiko nyumbani."

"Siwezi," akasema. Hapo filimbi ikanyamaza.

Nilimpita kwa juu, nikamshika mikanda ya mtungi mabegani, mpira nikauweka katikati ya magoti yangu kama ninaupanda. Nikavuta. Mtu mrefu akiwa mzima ni mzito. Akiwa hana hewa anakuwa nyumba. Nilivuta, nikasogea kidogo, nikavuta. Alikuwa anahangaika na kinyago, anataka kukivua, nikampiga mkono.

"Usivue!"

Nikamtukana. Nilimtukana yeye, nikamtukana aliyekunja mpira kinyume, nikamtukana mlinzi na simu yake, kila tusi kwa mvuto mmoja, na nilipoishiwa matusi nilikuwa bado navuta. Mkono wake ukaacha kuhangaika. Ukaburuzika tu.

Kisha mtu akanigonga kichwani kwa kichwa chake. Afande, anatambaa kuja, kiganja juu ya mpira uleule.

"Nani huyo?"

"Mimi. Yeye huyu hapa. Hana hewa."

Hakuuliza la pili. Tulimshika kila mtu begani kwake, tukashuka naye ngazi kwa namna ambayo hata mzigo wa viazi usingekubali.

*

Nje jua lilikuwa kali hata likaniudhi. Watu wa gari la wagonjwa walimvua kinyago, wakampa chao cha plastiki. Uso wake ulikuwa na mpaka: mweusi wa masizi pembeni, wa kijivu katikati. Muuguzi akamkandamiza kifua, akasikiliza, akamkandamiza tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara, kiganja kimevimba malengelenge, nahesabu tena, na safari hii zilikuwa namba kweli. Nilifika mbali. Ndipo alipokohoa, akatoa kitu cheusi, akakohoa tena.

Babu Pampu hakuja. Nilimtazama. Alikuwa amesimama palepale kwenye mitambo, mkono kwenye koki, machozi yanamtiririka hadi kwenye kitambi, na alipoona ninamtazama akapiga kelele, "Presha iko sawa!" bila mtu kumuuliza.

Gari la pili likaingia likipiga king'ora kwa fahari, kama ndilo lililoanza. Watu wake wakachukua mpira wetu. Nikamwona mmoja anausogelea ule mwanzo wake kwenye gari, nikamwambia, "Kipande cha tatu kitoe. Kitoe, kitupe." Akanitazama usoni, akakimbia kukitoa.

Simu yangu ilikuwa inatetemeka kwenye droo ya gari. Umati ulikuwa umesharusha video, na mdogo wangu ni msusi. Wateja wake wanakaa na simu mkononi kutwa nzima. Nilipopokea hakusalimia.

"Nimeona mnamburuza mtu," akasema. "Ana miguu mirefu."

"Yuko hai."

"Mpe simu."

"Hawezi kuongea. Wamemwekea kinyago."

"Dada, usinifanye mtoto. Mpe simu."

Nikajikokota hadi kwenye machela. Nikaweka simu pembeni ya ile plastiki, palipokuwa panapata ukungu na kukauka, panapata ukungu na kukauka. Shemeji alifungua jicho moja. Alitaka kusema neno, nikamtikisia kidole. Akapumua tu. Pumzi ilikuwa mbaya, yenye mikwaruzo, kama mtu anayeburuza kiti kwenye chumba cha jirani.

Nilisubiri muda mrefu kabla ya kuirudisha simu sikioni. Nyuma ya mdogo wangu nilisikia mashine ya kukaushia nywele ikivuma juu ya kichwa cha mtu aliyesahauliwa.

"Umemsikia?" nikauliza.

"Ni yeye," akasema. "Ndivyo anavyopumua akijua amekosea. Mwambie nakuja hospitali. Na wewe, Dada..."

"Naam."

"Jioni rudi nyumbani."

Akakata. Nikatia simu mfukoni kwa mkono uliokuwa mzima, nikapanda garini kumsaidia Babu kuachia koki, maana vidole vyake vilikuwa vimekataa kufunguka.